Damu ya Jumamosi

Sehemu ya saba

Wiki jana tulimwacha Dorah Nyasuguta amesimama ofisini na mkono wa simu sikioni, na msomaji mmoja wa Rongo ameniandikia kwamba tangu siku hiyo hajala vizuri. Pole, ndugu yangu. Leo hutakula kabisa.

Kwa wewe uliyechelewa kutufikia, ni hivi. Ni Jumapili asubuhi, hospitali ya misheni mjini Migori, mwaka huu huu wa tisini na tisa. Dorah ndiye mtu wa kompyuta pale. Simu inatoka Homa Bay, kwa Jeff wa maabara, ambaye hupima mara ya pili kila damu inayotolewa Migori. Migori wana kipimo chao cha haraka, na mfuko ukikipita huandikwa safi, lakini neno la mwisho ni la Jeff. Analiandika kwenye ukurasa wa kompyuta aliotengeneza Dorah, na Migori wanalisoma papo hapo.

Sasa Jeff alikuwa amesema hivi:

"Dada Dorah, ule mfuko nimeandika chafu jana, mbona leo kompyuta inaniambia iko safi?"

Dorah alidhani ni utani, maana Jeff ana utani mwingi. Alivuta kiti, akafungua ukurasa, akaandika nambari ya mfuko. Jibu likaja.

Safi. Umetolewa. Wodi ya wazazi. Scovia Ombui.

Scovia ni wifi yake, mke wa kaka yake wa pekee. Alfajiri ile alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, kisha damu ikaanza kumtoka na haikutaka kusimama.

"Jeff, usikate simu," Dorah alisema. Aliuweka mkono wa simu mezani, akatoka mbio.

Alimpita mlinzi. Alimpita kaka yake Ombui, aliyekuwa kwenye benchi na matope ya Macalder bado yamekauka kwenye viatu, kwa sababu alikuja moja kwa moja kutoka kwenye mashimo ya dhahabu aliposikia mkewe ameshikwa na uchungu.

"Kuna nini, Dorah?"

Dorah alisukuma mlango wa wodi.

Sista Dolphine alikuwa ameshautundika mfuko. Mpira ulikuwa umejaa wekundu mpaka karibu na sindano, na kidole gumba cha Dolphine kilikuwa juu ya kile kigurudumu cha kufungulia.

"Usifungue," Dorah alisema.

"Ati nini?"

"Hiyo damu si nzuri. Ina ugonjwa."

Wanawake wa vitanda vya jirani waligeuza vichwa. Mwaka huu mtu akisema ugonjwa hapa kwetu, hakuna anayeuliza ni ugonjwa gani. Dolphine aliondoa kidole taratibu.

Daktari Ogweno alikuwa upande wa pili wa kitanda, glavu zimelowa mpaka kwenye viwiko. Hakupandisha sauti. Huyu daktari akikasirika ndipo sauti yake hushuka.

"Nani amesema?"

"Jeff. Amenipigia simu."

"Na kompyuta inasema nini?"

"Inasema safi."

"Dorah, nisikilize. Ni wewe ulisimama kwa mkutano ukatuambia tuachane na vikaratasi. Ukasema kompyuta ikisema safi, tuweke bila kuuliza mtu. Tukakusikiliza. Sasa mgonjwa wangu anakauka, na mfuko wa kundi lake ni huu mmoja tu hospitali nzima. Nikimpa damu mbaya nimemuua. Nikimnyima damu nzuri nimemuua pia. Niamini nani?"

Dorah alimtazama Scovia. Macho yalikuwa yamefumba, midomo imekuwa ya kijivu, na jasho limetanda juu ya mdomo kwa vitone vidogo. Kando yake, kwenye kitanda kidogo, mtoto alikuwa amelala ndani ya shali ya kijani ambayo Dorah mwenyewe aliifuma.

Daktari alielekeza kidole kwenye dripu ya maji iliyokuwa ikidondoka mkono wa pili wa mgonjwa.

"Haya maji yakiisha, ama nafungua damu ama naitupa. Nenda uniletee jibu moja."

Dorah akarudi mbio njia ile ile.

Ofisini alimkuta Mzee Mosoti. Ndiye msimamizi wa hospitali, na pia ni mzee wa kanisa, mtu wa suti ya kahawia na Biblia ya zipu. Alikuwa amesimama kando ya meza akiutazama mkono wa simu uliolala pale, kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

"Nimesikia kelele mpaka nje," alisema. "Ni huyo kijana wa Homa Bay tena?"

Dorah hakuwa na wakati wake. Alichukua simu.

"Jeff, niambie pole pole. Jana ulifanya nini?"

"Nilipima mara mbili, dada. Zote mbili zikakuja mbaya. Nikapiga laini ya kompyuta, nikafungua ukurasa, nikaandika chafu, nikabonyeza. Ikaniambia Tayari, imehifadhiwa. Nikakata laini, si mnatukataza kukaa nayo."

"Fanya tena sasa hivi, kama jana. Mimi naangalia huku."

Ikaja sauti ya vidole vya Jeff kwenye vitufe, upande wa Homa Bay.

"Haya. Nimebonyeza. Inasema Tayari, imehifadhiwa."

Dorah aliangalia kioo cha kompyuta yake. Safi. Akafungua upya. Safi ile ile.

"Unaona?" Mzee Mosoti alisema nyuma yake. "Huyo jana alikuwa matangani kwa mjomba wake, nina habari zote. Hakupima kitu, binti yangu. Ameamka leo na kichwa kizito, ameogopa, sasa anatafuta mtu wa kumbebesha."

Nikwambie kweli, msomaji? Dorah alimwamini. Kwa muda mfupi, lakini alimwamini. Alitaka kumwamini. Kama Jeff ni mwongo, basi ukurasa wake ni mzima, mfuko ni safi, Scovia apewe damu apone, na yeye Dorah aende nyumbani akapike. Angeweza kurudi wodini wakati ule na kusema neno moja tu, na mimi na wewe tungekuwa tunazungumzia mazishi.

Kilichomzuia ni ile sauti ya vidole. Alikuwa amemsikia Jeff akibonyeza.

Aliuacha ule ukurasa wake mzuri wenye msalaba wa buluu, akafungua dirisha jeusi, lile lisilo na picha, ambamo mtu huzungumza na kompyuta ana kwa ana. Akanakili ile amri ambayo ukurasa huituma Jeff akibonyeza. Aliinakili yote, neno kwa neno, bila kurekebisha kitu. Akaituma.

Kompyuta ikajibu kwamba amri imekubaliwa. Chini yake ikaongeza kitu kidogo, kile ambacho ukurasa wa Dorah haukuwahi kumwonyesha mtu yeyote.

Mistari iliyobadilishwa: 0.

Mlio mbali na mambo ya kompyuta msishtuke, nitawaeleza kama mimi nilivyoelezwa. Damu zote za Migori ziko kwenye jedwali, kila mfuko na mstari wake. Jeff akiandika chafu, amri inasema: tafuta mstari wa mfuko huu, uubadilishe. Sasa kompyuta ikitafuta ikakosa, haioni kosa lolote. Imeambiwa ibadilishe inachokipata. Haikupata kitu, haikubadilisha kitu, na kwa hesabu zake kazi imekwisha. Ile sifuri inakaa nayo mkononi ikingoja mtu aiulize, na usipouliza haikwambii. Ni kama kumtuma mtu akamwite jirani, arudi akwambie nimeita, nawe usimuulize kama kuna aliyeitika.

Dorah hakuwahi kuuliza. Ukurasa wake uliangalia jambo moja tu, kama amri imekataliwa. Ikiwa haijakataliwa, unaandika Tayari, imehifadhiwa, kwa herufi za kijani za kupendeza.

"Jeff," alisema kwenye simu. "Samahani. Ulifanya."

"Si ndiyo nilikuwa nakuambia."

Lakini kwa nini haikupata mstari? Nambari ilikuwa sawa. Mfuko ulikuwepo. Dorah aliuweka mkono wa simu mezani, akaisoma amri tena tangu mwanzo, kidole kikifuata maneno kwenye kioo, mpaka akafika mwisho wake.

Hapo mwisho alikuta maneno aliyoyaandika mwenyewe: na mstari uwe haujafungwa.

Wasabato wenzangu mtalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Kabla ya Pasaka, Mzee Mosoti alimkuta karani mmoja ofisini siku ya Sabato akiingiza hesabu. Maneno yakafika kanisani. Baraza likakaa. Ikaamuliwa kwamba wagonjwa watatibiwa siku zote, maana kuokoa uhai hakuna siku, lakini kazi ya ofisi ikome Ijumaa jua linapozama, isiguswe mpaka Jumapili. Na Dorah akaombwa aifundishe kompyuta kushika Sabato.

Aliifundisha kwa furaha, yeye mwenyewe ni Msabato na mama yake ni shemasi. Ijumaa jua likizama, kompyuta inafunga kila mstari wa rekodi. Jumapili asubuhi Dorah anakuja na kufungua. Kutoa damu kwenda wodini aliacha wazi, hiyo ni tiba. Majibu ya maabara aliyahesabu kuwa maandishi tu, kazi ya ofisi, akayafunga pamoja na mengine, kwa sababu kufunga yote ilikuwa rahisi kuliko kukaa na kuchagua. Sabato iliyofuata alisifiwa mbele ya kanisa. Walimwimbia.

Jeff ni Mkatoliki. Maabara yake hufungua Jumamosi kama siku nyingine. Na katika sifa zote zile hakuna aliyekumbuka kupiga simu Homa Bay.

Hata Jumapili hii Dorah alikuwa hajafungua. Simu ilimkuta mkoba ungali begani.

"Mzee," alisema bila kugeuka. "Ni Sabato."

"Leo ni Jumapili."

"Ni ile kufuli ya Sabato. Jeff aliandika, kompyuta ilikuwa imefungwa, ikamwambia tayari na haijafanya kitu."

Mzee Mosoti alikwenda akarudisha mlango, akaufunga kwa komeo, akaja kusimama karibu sana.

"Mimi nilikuomba ufunge ofisi," alisema kwa sauti ya chini. "Sikukuomba ufunge damu."

"Ulisema rekodi zote."

"Nilisema ofisi, Dorah. Mimi nitajuaje kilicho ndani ya hiyo mashine? Wewe ndiye ulisomea."

Hapo mzee alisema kweli, na ndiyo maana ilimuuma Dorah. Alijua kabisa ni nani aliyeandika maneno yale ya mwisho. Hakuna mzee wa kanisa aliyemshika mkono.

"Sikiliza," Mzee Mosoti aliendelea. "Nenda mwambie daktari mfuko ni mbaya, autoe. Huyo mama asiwekewe, hilo halina mjadala. Lakini mwambie kijana wa Homa Bay alichelewa kuandika. Watamkaripia, watamhamisha, ataendelea na maisha. Ukisema ni Sabato, utaliweka kanisa zima kwenye magazeti. Utafukuzwa wewe, nitafukuzwa mimi, na hospitali hii ikifungwa hawa akina mama watazalia wapi?"

Dorah alifungua mdomo. Sijui angesema nini, na nadhani hata yeye hakujua. Kabla hajasema, sauti nyembamba ilitoka mezani.

"Nawasikia, mzee."

Mkono wa simu ulikuwa umelala pale pale. Mzee Mosoti aliurukia kama umeshika moto, kisha akasita, hajui aukate au auchukue.

"Mimi sina maneno na wewe," sauti ya Jeff iliendelea. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Nina swali kwa dada. Dada Dorah, hiyo kufuli uliiweka lini?"

"Pasaka."

"Dada, mimi hupima kila Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku naandika majibu mengi."

Mzee Mosoti aliketi. Hakutafuta kiti, alikaa tu juu ya boksi la karatasi, na Biblia ya zipu ikamponyoka. Sasa alielewa. Hii haikuwa habari ya mfuko mmoja. Tangu Pasaka, kila damu ambayo Jeff aliikataa siku ya Jumamosi ilibaki safi kwenye ukurasa wa Dorah, kwa herufi za kijani, na wodi zikaichukua. Wameiweka kwa nani? Wangapi wameshakwenda nayo nyumbani, Nyatike, Kuria, Remba, wakimshukuru Mungu kwa kupona?

Dorah aliisukuma fikra ile kwa nguvu zote. Ile dripu ilikuwa inadondoka. Kwanza Scovia.

Alifungua kufuli. Akaituma amri tena, na safari hii akaisubiri ile hesabu.

Mistari iliyobadilishwa: 1.

Chafu. Hatimaye.

Lilibaki jambo moja, na lilikuwa agizo lake mwenyewe. Mfuko ukiwa chafu, lazima ufungue jina la mtoaji, uhakikishe hakuna damu nyingine ya mtu huyo iliyobaki ghalani. Jeff haoni majina, wala Sista Dolphine. Ni Dorah peke yake mwenye neno la siri la kuyafungulia. Vidole vyake viliandika neno hilo kwa mazoea.

Ombui Bichage. Mchimbaji. Macalder.

Aliposoma mara ya kwanza hakuelewa. Alisoma tena.

Hospitali ile ina desturi, na hospitali nyingi za kwetu zinayo: mama akikaribia kujifungua, ndugu mmoja atangulie kutoa damu, iwekwe ghalani kwa wote. Mwezi jana Ombui alitoa. Kipimo cha haraka kilimwona mzima, na sampuli ikangoja foleni ya Homa Bay mpaka jana. Siku hiyo alikuja kwa Dorah na pamba mkononi, akiringa, akisema damu yake na ya Scovia zimetoka kundi moja, kwamba hata Mungu alijua anaunganisha nani. Dorah alimpikia maini ili arudishe nguvu.

"Mfuko ni wa nani?" Mzee Mosoti aliuliza kutoka pale chini.

Dorah alizima kioo.

Alipoingia wodini, kwenye dripu maji yalikuwa yamebaki kidole kimoja tu. Daktari Ogweno alimtazama usoni na hakungoja.

"Chafu?"

"Chafu. Na kosa ni langu, si la Jeff. Jeff aliandika jana. Programu yangu ilimwambia imehifadhi na haikuhifadhi."

Aliyasema mbele ya wodi nzima. Daktari aliufunga mpira, akauteremsha mfuko, akauweka kwenye trei ya bati chini ya dirisha.

"Nitakuuliza baadaye," alisema. "Sasa nataka damu. Homa Bay?"

"Jeff anatafuta gari. Lakini mpaka azunguke Rongo ni mbali."

"Huyu hataishi mpaka hapo." Alishika kifundo cha mkono wa Scovia, akahesabu kimoyomoyo, akauachia. "Nataka mtu wa kundi lake, hapa, sasa."

"Daktari, toa yangu."

Ombui alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshavua koti, na mkono wa shati ulikuwa umekunjwa mpaka begani.

"Mimi na yeye tuko kundi moja. Nilitoa hapa hapa mwezi jana, mkaniambia niko safi. Sista ananijua."

"Mwezi jana ni karibu mno," daktari alisema, "lakini leo sina la kufanya. Kaa hapo. Dolphine, mfunge mkono."

Sista Dolphine alichukua mpira wa kufungia.

"Hawezi," Dorah alisema. "Ametoa juzi tu. Ataanguka."

Ombui alitabasamu, akimwonea huruma. "Mimi? Dorah, mimi nashuka shimo la Macalder kwa kamba, napanda na gunia la mawe mgongoni. Nianguke kwa chupa moja?"

"Toeni yangu," Dorah alisema.

"Yako haipatani naye," Dolphine alisema. "Tulipimwa sote pamoja, nyamera, dada yangu. Hebu sogea."

"Dorah, toka njiani," daktari alisema.

Mpira ulikuwa umeshakazwa juu ya kiwiko. Mshipa wa Ombui ulisimama, mnene, mzima kwa macho ya yeyote. Dolphine alipangusa kwa pamba ya spiriti.

Dorah aliishika ile sindano kabla haijafika. Aliishika kwa kiganja, ikamchoma, hakusikia.

Alimwinamia kaka yake akasema kwa Kikisii, kwa sauti ya chini, maana daktari ni Mjaluo na sista ni Mjaluo na alidhani katika chumba kile hakuna mwingine wa kuelewa.

"Ombui, ule mfuko ni wako."

"Mfuko gani?"

"Ule daktari ameutoa. Ndiyo damu uliyoitoa mwezi jana."

Ombui aligeuza kichwa, akautazama mfuko kwenye trei ya bati. Aliutazama muda mrefu. Tabasamu lilibaki usoni kwa sababu alisahau kuliondoa.

"Lakini walinipima. Walisema niko safi."

"Cha hapa ni cha haraka. Jeff amepima mara mbili."

Sitakuambia alimkumbuka nani wa Macalder. Nadhani hata yeye hakutaka kumkumbuka. Alifungua mpira mwenyewe, akaukunjua mkono wa shati taratibu mpaka chini, akajaribu kufunga kifungo na vidole vikakataa. Dorah alimfungia. Alikuwa analia bila sauti na hakujificha.

"Mnaongea nini?" daktari aliuliza.

"Hatatoa," Dorah alisema.

Daktari Ogweno aliutazama mfuko. Akautazama mkono wa shati. Akaufunga mdomo, wala hakuuliza swali lingine, na kwa hilo Dorah anamheshimu mpaka leo.

Sista Dolphine alivua saa yake akaiweka dirishani.

"Mimi niko kundi lake," alisema. "Nilikuwa nangoja mwenye mke amalize. Daktari, nitoe."

"Sista," Dorah alisema, na aliona haya kuuliza lakini aliuliza. "Majibu yako Jeff aliandika siku gani?"

Dolphine alimshangaa. "Jumatano. Nilikuwa off, nakumbuka. Kwani?"

"Hakuna. Jumatano ni sawa."

Wakamlaza Dolphine kitanda cha pili. Damu yake ikajaza chupa, ikatundikwa, ikashuka kwenye mpira, na safari hii hakuna aliyeizuia. Dorah alisimama akiitazama ikiingia, tone baada ya tone. Ombui aliketi sakafuni, mgongo ukutani, viatu vya matope mbele yake. Baada ya muda daktari alishika tena kifundo cha mkono wa Scovia, na mabega yake yakashuka kidogo.

"Mapigo yameanza kurudi," alisema.

Dorah angepiga magoti. Nusu alikuwa ameshapiga.

Mtoto akaamka. Alilia kile kilio chao cha siku ya kwanza, chembamba, cha njaa. Mwanafunzi wa unesi alimtoa kwenye kitanda kidogo, akamfunua shali ya kijani, akamleta karibu na kifua cha mama yake, kama walivyofundishwa, ili anyonye.

Mkono wa Scovia ukainuka. Mkono ule ambao wote walidhani hauna uhai uliinuka, ukalifunika titi, ukamzuia.

Sasa nikukumbushe jambo. Scovia ni Mkuria, bintiye mzee Nchagwa. Lakini ameolewa kwa Wakisii miaka minne, na miaka yote hiyo amegombana na mama mkwe wake kwa lugha ya mama mkwe. Macho yalikuwa yamefumba. Masikio hayakufumba, na yale Dorah aliyomwambia Ombui aliyasikia yote.

Aliyafumbua macho, akamtafuta Dorah mpaka akampata.

"Wifi," alisema, kwa Kikisii. "Na mtoto je?"